Maswali ya Wasomaji: Makala za Uhandisi Zinapatikana Vipi?

Swali: Nasoma uzamili wa uhandisi ujenzi. Natafiti zege ambalo sehemu ya saruji yake imebadilishwa kwa majivu ya pumba za mpunga. Google Scholar inaniletea maelfu ya makala, nyingi hazinihusu, na zinazonihusu zinadai malipo. Nifanyeje? *Msomaji, Mbeya*

Jibu: Anza kurekebisha maneno unayotafutia. Ukiandika rice husk ash bila alama za kunukuu, kila neno hutafutwa kivyake, ndiyo maana unaletewa hadi makala za mbolea. Andika "rice husk ash". Wapo wanaoyaita "rice hull ash", hasa Wamarekani, kwa hiyo unganisha majina yote mawili kwa OR ya herufi kubwa, yafunge kwenye mabano, kisha ongeza concrete (zege) na "compressive strength" (nguvu ya kuhimili mgandamizo). Kifupisho RHA usikitumie peke yake. Kwa watu wa silaha RHA ni bamba la chuma cha vifaru, na utajikuta unasoma habari za makombora.

Google Scholar yenyewe haikuonyeshi zaidi ya matokeo 1,000, hata ikitangaza makumi ya maelfu. Ulizia maktaba kama chuo kimelipia Compendex, hifadhidata ya uhandisi iliyotokana na faharasa iliyoanza mwaka 1884. Humo kila makala imepewa istilahi rasmi za mada. Ukipata makala moja nzuri, bofya istilahi zake upate wenzake, kisha fuatilia makala zilizoinukuu baadaye.

Malipo usitoe kwanza. Ukiwa chuoni, mchapishaji humtambua msomaji kwa anwani ya IP ya chuo. Ukiwa nyumbani kwa bando la simu hakutambui, hivyo ingia kwa akaunti ya maktaba. Mwulize mkutubi pia kuhusu ARDI, mpango wa WIPO, Shirika la Miliki Ubunifu Duniani, ulioanza 2009 kuzipa taasisi za nchi zinazoendelea makala za sayansi na teknolojia bure au kwa bei nafuu. Akaunti hutolewa kwa taasisi, si kwa mwanafunzi. Sakinisha na Unpaywall kwenye kivinjari: ikipata nakala halali ya bure, alama ya kufuli hugeuka kijani. Vyote vikishindikana, mwandikie mwandishi barua pepe fupi. Wengi hutuma.

Na viwango vya kupimia usivichukue kwenye makala ya mtu. Kwenye ASTM C618, kiwango cha Marekani cha majivu ya kuchanganya na zege, tarakimu mbili baada ya kistari kinachofuata jina hilo ni mwaka wa toleo, na vigezo hubadilika toleo hadi toleo. Omba toleo lenyewe maktabani.

Swali: Zotero yangu, programu ya kutunzia rejea, imejaa rejea zilizojirudia, na baadhi ya PDF hazitoi hata jina la mwandishi. *Msomaji, Eldoret*

Jibu: Zilizojirudia ziko kwenye folda ya Duplicate Items, ziunganishe hapo, usifute moja, maana huenda tayari umeinukuu kwenye tasnifu. PDF zisizosomeka kwa kawaida ni picha za skana: hazina maandishi, kwa hiyo programu haioni DOI, namba maalumu ya kutambulisha makala. Bofya alama ya kijiti, bandika DOI, kisha ambatisha faili. Nafasi ya bure ya mafaili ni MB 300 tu, lakini rejea zenyewe hazina kikomo.

Amri ya Zotero ya Unlink Citations, iliyo kwenye programu unayoandikia tasnifu, ibonyeze kwenye nakala ya mwisho ya kukabidhi, kamwe si kwenye faili asili. Ukishaibonyeza, rejea hugeuka maandishi ya kawaida, na msimamizi akitaka mtindo mwingine utazipanga kwa mkono.