Jini lilimpenda au jini alimpenda?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi na shoga zangu watatu hapa Tanga ni walevi wa riwaya za mapenzi, za mambo ya leo na zile zenye majini, mizuka na wanyonya damu. Akimaliza mmoja humwandikia mwenzake maneno mawili matatu ya kumtamanisha, anayachomeka ndani ya kitabu, kitabu kinahama mkono. Juzi niliandika: "Jini lile lilimpenda Mwanaisha mpaka akakubali kuacha ufalme wake wa baharini. Na nyie mnipendekeze riwaya nyingine kama hii." Wa kwanza kasema nimeboronga, ni "jini yule alimpenda", kwa kuwa jini ana uhai. Wa pili kanitetea: jini, majini, ngeli ni LI-YA, basi ni "lilimpenda". Wa tatu kacheka tu "mnipendekeze" yangu na hataki kusema kwa nini. Nani yuko sahihi?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nianze na huyo aliyecheka, maana lake ni jepesi, na cheko lake lina haki.

Kumpendekeza mtu ni kumtaja kuwa anafaa: wanachama walimpendekeza Bi Asha awe mweka hazina. Kwa hiyo ulipoandika "mnipendekeze", shoga zako walisikia mtu anaomba cheo, halafu hiyo "riwaya nyingine" ikabaki inaning'inia haina pa kushika. Ulichotaka ni kauli ya kutendea: mnipendekezee. Tofauti ni ileile ya "nipikie" na "nipike", ila kwenye "nipike" mtu anajiona yumo sufuriani na hugutuka mara moja, wakati "nipendekeze" hupita kimyakimya. Katika kutendwa pia: si "nimependekezwa riwaya hii na mwenzangu", ni "nimependekezewa". Na ile "inapendekezwa sana" inayobandikwa siku hizi chini ya maelezo ya kila kitabu, sina ugomvi na sarufi yake. Ni baridi tu, kama tangazo la ofisi. Mswahili anayemtamanisha mwenziwe kitabu husema "usiikose", "ukiishika huiachi", "andaa mafuta ya taa, utakesha nayo".

Sasa jini.

Wa kwanza ana kanuni mkononi. Majina ya viumbe vyenye uhai, yawe na umbo gani, hupatanishwa kwa a- na wa-. Kifaru amelala, wala si kimelala. Kipofu amefika, jogoo amewika, majirani wamekuja. Jini naye, japo wingi wake unafanana na ule wa jina na majina, husemwa kuwa amempanda mtu, na wakiwa wengi majini wamempanda. Mchukue hata jini mahaba, ambaye watu wa Pwani walikuwa wakimsimulia kabla ya wachapishaji kugundua kwamba mapenzi ya binadamu na asiye binadamu yanauzika. Ndugu wa msichana hulalamika: "Ana jini mahaba, kila mchumba akija anamkimbiza." Sijasikia mtu akisema "linamkimbiza". Jini mahaba ana wivu, ana matakwa, ana kauli. Ni mtu, kwa kadiri sarufi inavyojali.

Lakini wa pili naye hakubuni. Zimwi likujualo halikuli likakwisha: hapo zimwi lina uhai, lina kumbukumbu na lina njaa, na li- imesimama mara tatu katika methali yenye maneno manne. Bibi akisimulia ngano, zimwi hunguruma, likafungua mdomo, likameza kijiji. Joka nalo humeza, jitu nalo huingia. Li- ya namna hii ipo katika Kiswahili fasaha na haina kosa. Kazi yake ni kukuza, kutisha na kudharau, mara nyingi vyote kwa pamoja. Msikilize mke aliyechoka, mume anaporudi saa nane usiku anapepesuka: "Limeshalewa tena hilo." Hakusahau ngeli ya mume wake. Amemhamisha kwa makusudi.

Kwa hiyo kwa mtu anayesimulia, li- na a- ni chaguo, na kila moja inampa jini sura yake. Kasoro ya sentensi yako, ambayo shoga zako wote watatu wameiruka, ni kwamba umechagua zote mbili. "Jini lile lilimpenda Mwanaisha mpaka akakubali kuacha ufalme wake." Nani aliyekubali? Jini umeshampa li-, basi a- inayofuata inamrukia mtu wa karibu mwenye haki nayo, naye ni Mwanaisha. Mimi niliposoma mara ya kwanza nilielewa kwamba binti ndiye malkia wa baharini. Mchanganyo huu umejaa katika hadithi za mapenzi zinazochapwa haraka: "jini lile alicheka", "lile zimwi alimshika mkono". Mhariri angefuta moja kati ya hizo mbili, yoyote aitakayo, na sentensi ingesimama.

Ungeniuliza nifute ipi, ningekuambia uigeuze sentensi, binti awe ndiye apendaye. "Mwanaisha alimpenda": tumeelewa, kuna moyo pande zote mbili. "Mwanaisha alilipenda": hilo linaweza kuwa gauni. Katika riwaya ya kutisha hakuna shida, kwa sababu hakuna anayelipenda zimwi. Katika riwaya ya mapenzi jini ndiye bwana harusi, na bwana harusi hapendwi kwa -li-. Na wewe hasa, unayemwandikia mwenzako ili akitamani kitabu, ukianza na "jini lile" umeshamtisha kabla hujamshawishi.

Mwandishi hodari ana ruhusa ambayo wewe kwenye kikaratasi chako huna nafasi ya kuitumia: kuhama kutoka li- kwenda a- katikati ya hadithi, mahali alipopachagua. Nimetunga mfano:

Usiku wa kwanza lilisimama kizingitini, utosi ukigusa boriti. Usiku wa pili liliketi. Mwanaisha akalisogezea taa.
"Wewe ni nani?"
"Mlikuwa mkiniita upepo," alisema.

Hapakuandikwa kwamba woga umemtoka Mwanaisha, wala kwamba zimwi limekuwa mchumba. A- imeingia pamoja na sauti, na kutoka hapo hairudi nyuma hadi mwisho wa kitabu. Angalia pia kwamba imewekwa baada ya maneno ambayo hayawezi kuwa ya mwingine ila ya jini, ili msomaji asipotee kama nilivyopotea mimi kwenye ufalme wako wa baharini. Lugha nyingine hulazimika kutumia aya nzima kwa jambo hili. Sisi tuna silabi moja, na waandishi wetu wengi wanaimwaga ovyo.

Kwa viumbe wengine mnaosoma habari zao, nipite haraka. Pepo ni mtego: pepo wachafu wa Marko 5 ni roho, na wana wa-, pepo zilizovuma zikaipiga nyumba katika Mathayo 7 ni wingi wa upepo, na zina zi-. Ukiandika "pepo zilimzunguka kwa mahaba" umemwacha msichana penye baridi. Mzimu na mzuka huenda kwa u- na i-: mzimu umekasirika, mizimu imekasirika. Na mzimu waweza pia kuwa mahali pa kutambikia, kama ulivyo katika Mzimu wa Watu wa Kale wa Muhammed Said Abdulla, uliotoka mwaka 1960. Mzuka akipewa jina na mdomo wa kusemea, mimi humpa a- bila kusita.

Wanyonya damu wako M-WA toka kuzaliwa, kwa hiyo hawana ugomvi wa ngeli. Taabu yao ni sifa mbaya. Kwa sisi tuliolelewa na Azimio la Arusha la 1967, mnyonyaji ni bepari au kabaila, na ni vigumu kumpa busu. Wala msikimbilie mumiani. Huyo katika simulizi za Pwani hukuteka akakutoa damu ikauzwe, na moyo wako hana haja nao. Vijana wanaandika vampaya. Sawa, mradi wawe vampaya yule na vampaya wale. "Vampaya ile ilimpenda" utaisikia Nairobi mazungumzoni, na mazungumzoni ibaki.

Riwaya zenu za mambo ya leo, zisizo na jini hata mmoja, zinacheza mchezo huohuo. Sura ya kwanza gari la kijana mwenye maringo linammwagia binti maji machafu barabarani, anafika nyumbani anamwambia dada yake: "Lijamaa lenyewe hata samahani halijui!" Sura ya kumi simu inaita na binti anasema: "Ni yule kaka wa siku ile." Dada yake, akiwa na masikio, ataanza kuulizia bei ya vitenge vya harusi.

Kikaratasi chako basi kingesomeka hivi: "Jini yule alimpenda Mwanaisha mpaka akauacha ufalme wake wa baharini kwa ajili yake. Nipendekezeeni nyingine kama hii." Ila ikiwa sura ya mwisho jini anamgeuka binti wa watu akammeza, irudishe li- yako yote, kuanzia neno la kwanza, na huyo shoga yako wa kwanza hatakuwa na la kusema.