Jibu: bwawa la samaki la nyuma ya nyumba huko Kabale, Uganda, kabla ya mvua za Machi

Kaka, umeuliza bwawa ulitayarishe vipi kabla ya mvua na kwa nini tilapia wako hawali vizuri. Hiyo ya kutokula isikutishe, mwili wa samaki unafuata joto la maji, yakishuka chini ya nyuzi 20 tilapia anapunguza kula, sasa wewe ukiendelea kumwaga chakula kinaozea chini na maji yanaharibika, hapo ndo samaki wanakufa. Wape saa nane mchana jua likishapasha maji, asubuhi na ule ukungu wa Kabale acha kabisa.

Bwawa lenyewe likaushe sasa hivi, samaki wahamishie kwa jirani, chota tope jeusi upeleke kwenye migomba (mbolea nzuri sana hiyo!), udongo ukipasuka nyufa mwaga chokaa ya kilimo, kama kilo 10 kwa mita 100 za mraba, subiri wiki mbili ndo ujaze. Na tafadhali chimba mtaro upande wa juu, maji ya mlimani yakiingia na udongo wote ule kazi yako imekwisha. Pale maji yanapoingilia weka wavu, kambare wasije wakamaliza vifaranga wa tilapia.