Ngome iache mwisho: kuuzunguka Mji wa Kale kwa miguu

Kila mgeni wangu akishuka Mombasa, neno lake la kwanza ni "nipeleke Fort Jesus". Kwa miaka mingi nilikuwa nampeleka huko moja kwa moja, saa tano asubuhi, jua limeshapamba moto. Tukitoka ngomeni miguu haina kazi tena, maji yamekwisha, na Mji wa Kale tunauchungulia kutoka ndani ya tuktuk. Nami sikuwa na la kumfunza. Nimezaliwa Changamwe, na Mji wa Kale nilikuwa naingia kununua haluwa, natoka. Siku hizi nimeigeuza ziara: ngome naiweka mwisho.

Fika saa moja asubuhi, uanzie chini, bandari ya kale. Kabla meli kubwa hazijahamia Kilindini, majahazi yaliyosukumwa na kaskazi kutoka Arabuni na Bara Hindi yalitia nanga hapa. Ukiufuata mtaa wa Mbarak Hinawy utaukuta Msikiti wa Mandhry, unaosemwa kuwa wa mwaka 1570. Mnara wake ni mweupe, mnene chini na umechongoka juu, wala haufanani na minara mingi ya mjini. Watu wanaswali humo mpaka leo, kwa hiyo si mahali pa kusimama mlangoni na simu mkononi. Ijumaa adhuhuri, pita mbali.

Halafu ingia Ndia Kuu. Jina ni Kimvita, ndia ni njia, ingawa ukuu wenyewe utautafuta: gari mbili zikikutana, moja itasubiri. Hapa ushauri wangu ni kuinua kichwa. Chini ni maduka ya vinyago na leso, kama kwingine, lakini roshani za mbao ziko juu. Nyingi ni za mwisho wa karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20, na mkono wa Kihindi unaonekana waziwazi katika nakshi zake. Ule uwazi mwembamba kati ya mbao si pambo tu. Upepo unapita, na aliye ndani anaona njia bila kuonekana. Akikwambia mtu kwamba roshani hizi zilijengwa na Wareno, mpe salamu uendelee na safari yako.

Kuna siku nilimkuta fundi akipiga lipu ukuta wa nyumba moja nyuma ya Ndia Kuu. Lipu ya zamani ilikuwa imebanduka, na mawe ya matumbawe yalikuwa wazi, yamejaa vitundu kama mkate wa mofa. Nikamuuliza, "Ami, si ungetia saruji ukamaliza leo?" Akacheka. Akanionyesha ukuta wa jirani uliotiwa saruji: umevimba, umepasuka, na chumvi imetoka nje kama unga. "Jiwe hili linakunywa maji," akasema. "Chokaa inayaachia yatoke. Saruji inayafungia." Tangu siku hiyo sipiti ukuta wa Mji wa Kale bila kuukagua, na nimekuwa kero kwa ninaotembea nao.

Ukipata nafasi ya kuingia ndani, hata kama ni dukani, tazama dari. Utaona boriti za mikoko zimepangwa moja baada ya nyingine. Urefu wa boriti ndio uliopima upana wa chumba, ndiyo maana vyumba vya nyumba za kale ni virefu na vyembamba. Fundi hakuwa na mti mrefu zaidi.

Milango ya kuchonga usiihesabu. Chagua mmoja, ukae nao dakika kumi: mfaa, ule ubao uliosimama katikati, mnyororo uliochongwa kuzunguka fremu, misumari ya shaba. Lakini piga hodi kwanza. Mimi niliwahi kuelekeza simu kwenye mlango mmoja Kibokoni bila kuona kwamba bibi amekaa barazani. "Mwanangu, hata salamu?" Nilitamani ardhi ipasuke. Nikamwamkia, akaitika, kisha akaniambia picha ya mlango nipige, yeye nisimtie.

Adhuhuri tafuta kivuli, viazi karai na madafu. Usijidai shujaa, hasa Januari hadi Machi.

Saa tisa sasa, nenda ngomeni. Kabla ya kuingia tupia jicho jengo la mahakama ya zamani, la 1902, liko hapo karibu. Ngome Wareno walianza kuijenga 1593 kwa ramani ya Mwitaliano Giovanni Battista Cairati. Waomani waliizingira kuanzia 1696, wakaitwaa 1698. Waingereza wakaifanya gereza, ikabaki hivyo hadi 1958. Hayo yote utaambiwa na kuandikiwa ukutani.

Mimi ninaokwenda nao nawapeleka kwanza kwenye kipande cha lipu chenye michoro ya askari wa Kireno, iliyochorwa kwa makaa na udongo mwekundu. Kuna merikebu, makanisa, watu waliovaa deraya. Na kuna kinyonga. Katikati ya merikebu zote hizo, mtu aliyekuwa mbali na kwao alikaa akamchora kinyonga. Watoto ndio humwona kwanza.