Kufuma ndani ya matatu, na maswali mengine

Tangu niandike hapa kwamba mimi, mwanamume mzima mwenye ndevu, hufuma sweta kwa mkono, mmeniandikia sana. Wengine mlicheka, sawa. Waliouliza maswali ya maana ndio ninaowajibu leo.

Ninafanya kazi Industrial Area na kulala Umoja. Nikifika nyumbani ni saa mbili usiku, nimechoka. Hobi si mambo ya matajiri? — Umoja

Gofu, labda. Mimi hufumia ndani ya matatu, foleni ya Jogoo Road ikikaza, bora nipate kiti cha dirishani. Na uzi sinunui dukani. Naenda Gikomba kutafuta sweta kuukuu ya sufu, hata iwe imetobolewa na nondo. Kabla sijalipa naipindua ndani nje nitazame mshono wa ubavuni. Kama kitambaa kilikatwa kwa mkasi kisha kikashonwa kwa cherehani, naiacha, maana ukiifumua utapata vipande vifupi vifupi tu. Kama kila kipande kilifumwa na pindo lake, hapo kuna mali. Nyumbani nafumua mishono, navuta uzi huku nikiuzungushia mgongo wa kiti, nauosha na kuuanika ukiwa na kitu kizito chini ili mikunjo itoke. Jioni mbili hivi, na sweta moja ya mtu mzima inatoa mbili za watoto.

Kuhusu uchovu, ndugu yangu, mwingi wa huo unaousema ni uchovu wa kuamrishwa kutwa nzima. Kwenye sindano zangu hakuna msimamizi. Nikikosea nafumua, na hakuna anayenikata mshahara. Halafu kuna jambo ambalo sikulitarajia: watu huongea nawe. Siku moja makanga aliacha kudai nauli akaniuliza, "Buda, hiyo ni ya mtoi?" Abiria watatu wakaanza kusimulia nyanya zao walivyokuwa wakifuma. Katika matatu ya Nairobi, ambako kila mtu hutazama simu yake!

Nimestaafu serikalini mwaka huu, nikiwa na miaka 60. Siku zimekuwa ndefu na mama watoto anataka nitoke nyumbani. Nianzie wapi katika umri huu? — Buruburu

Mzee wangu, shikamoo. Mshahara ulipokoma, pensheni ilikuja kuushika mkono. Salamu za asubuhi ofisini, utani wa saa nne kwenye chai, mtu wa kukuuliza jana ulikuwa wapi: hivyo havina pensheni. Kwa hiyo usitafute tu kitu cha kufanya, tafuta kitu chenye watu na chenye siku maalumu.

Ningekushauri ndege. Kenya ina aina zaidi ya 1,000 za ndege, na Nairobi imejaaliwa sehemu yake nzuri. Kwa miaka mingi sasa, chama cha Nature Kenya kimekuwa na matembezi ya kutazama ndege kila Jumatano asubuhi, na mahali pa kukutania pamekuwa Makumbusho ya Taifa. Tazama ratiba yao kabla ya kutoka. Usinunue darubini kwanza. Anza na masikio. Yule anayekuamsha alfajiri kwa kelele kama za mlango usiotiwa mafuta ni kwarara. Mwewe unamjua, hasa kama mjukuu wako amewahi kunyang'anywa mandazi uwanjani shuleni.

Ukishazoea, nenda Karura. Ni msitu ambao Wangari Maathai na wenzake walipigwa wakiutetea mwaka 1999 usimegewe wanyakuzi, na leo unaweza kutembea humo saa tatu nzima ukisikia ndege kuliko magari. Kwa wiki utakuwa na Jumatano yako, na jioni utakuwa na habari ya kumpelekea mama.

Nikioka keki kila mtu ananiambia niuze. Niuze? — Kahawa West

Ukihitaji pesa, uza. Ukioka kwa raha, tafuta raha nyingine kabla hujachapisha bei, kwa sababu mteja wa kwanza atakayepiga simu Ijumaa usiku kulalamikia krimu ataondoka na hii.

Mume wangu hushinda kwenye drafti karibu na steji kila Jumamosi. Nitajuaje kama ni hobi au ni ulevi? — Kasarani

Dada, hata lugha yenyewe imekushika hapo, kwani neno letu "uraibu" hubeba maana zote mbili. Pita siku moja utazame ubao. Ukiona visoda tu, vya huyu vimefunikwa na vya yule vimefunuliwa, tulia. Ukiona noti chini ya ubao, mna mazungumzo usiku. Muulize pia majina ya wenzake. Nawajua wachezaji wa drafti waliochanga bili ya hospitali ya mwenzao kabla ndugu zake wa damu hawajapata habari, na watu wa aina hiyo si wa kumtenga nao.

Lakini Jumamosi nzima ni nyingi, hasa kama nguo na watoto ni vyako peke yako. Mdai nusu yake. Na mwambie akufundishe. Ukimla kingi mara mbili mbele ya wenzake, huenda akaanza kurudi mapema.