Jibu: Samaki wanakufa chini ya bwawa mitambo ikiwashwa

Mkuu, salama? Nimekuelewa hivi: bwawa lenu lina miaka miwili tangu lijazwe, mitambo ya umeme ikiwashwa alfajiri perege wanaelea mtoni, na meneja anasema ni sumu ya wavuvi.

Kabla ya kubishana naye, pima oksijeni. Fanya hivyo alfajiri hiyohiyo, pale maji yanapotokea kwenye mitambo, kisha shuka mtoni upime tena. Ukikuta chini ya miligramu 2 kwa lita, acha habari ya sumu kwanza. Bwawa changa lina miti na nyasi zinazooza chini, na mlango wa kuingizia maji ukiwa kina kirefu mnavuta maji yasiyo na hewa. Harufu ya yai viza ni dalili nyingine. Angalia pia kambale: yeye hupumua hewa ya juu, kwa hiyo perege akifa na kambale akabaki, mimi hushuku oksijeni.

Waliokufa wakague wakiwa wabichi. Vipovu kwenye mapezi na macho huja zaidi milango ya mafuriko ikifunguliwa, maji yakiporomoka na kubeba hewa kupita kiasi. Vipovu hivyo hupotea upesi, usisubiri maabara. Mikato ya mwili huashiria mapanga ya mtambo.

Teremsha kipimo bwawani pia, mita kwa mita, uandike kila namba. Bila namba hizo siwezi kukuhakikishia chanzo, na meneja hatakusikiliza.

Mlango wenu wa maji uko kina gani?