Chupa ya goti

SWALI: Assalamu alaykum, daktari. Nina miaka 63, naishi Langoni, Lamu. Goti la kulia hulia *krr* nikipanda ngazi za darini. Mwanangu kaniletea kutoka Mombasa chupa ya glukosamini na kondroitini, vidonge vinavyouzwa kwa maumivu ya viungo. Lakini natumia warfarini pia, ya kuzuia damu kuganda. Ninywe?

JIBU: Wa alaykum salaam, bi mkubwa. Iache kabatini kwanza. Glukosamini yaweza kuizidishia warfarini nguvu, ukajikuta watokwa na damu puani au kwenye fizi. Anayekuandikia warfarini lazima aione chupa hiyo. Tena glukosamini nyingi hutengenezwa kwa magamba ya kamba na kaa; ukila kamba wa nazi ukawashwa mwili, usiikaribie kabisa.

Je, inafaa? Mwaka 2006 Marekani walichapisha utafiti wa watu 1,583 wenye maumivu ya goti. Kwa jumla, waliokunywa vidonge hivyo hawakupata nafuu ya maana kuwashinda waliopewa vidonge vitupu. Mimi nilimaliza chupa tatu kwa ukaidi wangu. Goti halikuwa na habari.

Nililofaidika nalo halina bei. Kaa kitini, nyoosha mguu, kaza paja, hesabu hadi tano, shusha. Mara kumi, asubuhi na baada ya alasiri. Na kama watumia manjano kwa goti, ya mchuzini endelea nayo; ya vidonge hapana, kwa sababu ya hiyo warfarini. Na goti likivimba ghafla likawa la moto, nenda hospitali siku hiyo hiyo: kwa mtu wa warfarini, huenda damu imeingia kiungoni.