Maswali na Majibu: Ushahidi Kuhusu Wafanyakazi wa Viwandani Uingereza

Swali: Je, kitabu cha Friedrich Engels cha mwaka 1845 kuhusu wafanyakazi wa Uingereza kina upendeleo?

Jibu: Kinao, na mwandishi hakuuficha.

Swali: Kama kina upendeleo, kwa nini kinaendelea kutumiwa?

Jibu: Nimekwisha kulijibu swali hili mara nyingi, na nitarudia kwa ufupi: kuegemea upande si kusema uongo. Engels, mwana wa mwenye kiwanda, alitaka mapinduzi. Lakini sehemu kubwa ya ushahidi wake aliitoa katika ripoti rasmi na magazeti, yakiwemo ya watu wasiokubaliana na siasa zake. Pimeni dai mojamoja, mkitazama nani alilitoa kwanza na Engels alilikata wapi alipolinukuu.

Swali: Ushahidi uliotolewa mwaka 1832 mbele ya kamati ya bunge ya Michael Sadler, iliyochunguza kazi za watoto viwandani, si sauti ya wafanyakazi wenyewe?

Jibu: Ni sauti yao, ila maswali hayakuwa yao. Sadler alikuwa mbunge aliyepigania sheria ya kuweka ukomo wa saa 10 za kazi kwa siku, mashahidi hawakuapishwa, na wenye viwanda wakalalamika kwamba upande wao haukusikilizwa. Mwaka 1833 ikaundwa tume nyingine kwa shinikizo lao; nayo, pamoja na kuikosoa kamati ile, ikakiri kwamba watoto walifanya kazi saa zilezile za watu wazima na kwamba waliumia. Ungamo la aina hiyo, linalomgharimu anayelitoa, ndilo ninalolithamini kuliko yote, na ndilo wanafunzi wanaloliruka wanapokimbilia kunukuu kisa cha kusikitisha zaidi.

Swali: Andrew Ure, mwanakemia aliyeutetea mfumo wa viwanda, aliandika mwaka 1835 kwamba watoto viwandani walikuwa wachangamfu. Nimwamini?

Jibu: Kuhusu mashine, kwa kiasi kikubwa. Kuhusu watoto, hapana, mpaka usome na waliyosema wao.

Swali: Ni kweli kwamba vibarua wa Manchester walikufa wakiwa na miaka 17, kama alivyoandika Edwin Chadwick, mpigania usafi wa miji, katika ripoti yake ya mwaka 1842?

Jibu: Huo ni wastani wa umri wa waliokufa, ulioshushwa na vifo vingi vya watoto wachanga, aliyevuka utoto aliweza kuishi miaka mingi zaidi. Kuulinganisha na miaka 38 ya vibarua wa Rutland, eneo la mashambani, bila kutazama kwamba mji unaokua haraka hujaa familia changa ni uzembe. Msidhani tarakimu haina upande: Chadwick alitaka mifereji ya majitaka, na ripoti yake inauona uchafu wa mitaa vizuri zaidi kuliko inavyouona udogo wa mshahara.